Mpinzani wa Malosi

...na nikinyamaza tu, nikikaa hivi hivi na simu pajani chini ya meza, saa saba itafika, orodha itajifunga, mashine itamchagulia mdogo wangu Etuale lile jina la juu, na jina la juu ni Boma, na nani atanilaumu, hakuna wa kunilaumu, nitasema nilikuwa kwenye sala, Baba alikuwa anaombea chakula, na Baba akishaanza kuombea chakula cha Jumapili nani wa kumwambia fupisha, shemasi mzima, hatui mpaka awe amezunguka Samoa yote na nusu ya Australia, "...na tunakushukuru, Ee Bwana, kwa hawa waliotoka mbali kuja kuketi nasi..." waliotoka mbali ni Mjomba Pita, katoka Inala, mwendo wa nusu saa kwa gari, taro, magimbi yetu, inapoa, tui kwenye majani linaanza kushika ngozi, feni inasukuma joto lile lile kutoka ukuta huu kwenda ule, na mimi jasho linanichuruzika mgongoni ndani ya gauni jeupe la kanisani kama mwizi, "Fumba macho, wewe Masina," Shangazi Luta ananinong'oneza, yeye mwenyewe kayatoa macho pima kuwakagua wasiofumba, nafumba, nafumbua, saa ya jikoni inasema bado kidogo, kidogo sana, na majina yako palepale kwenye kioo, matatu, Boma, Mako, na yule wa Suva aliyeumia mkono, hafai hata kumfikiria, kwa hiyo ni mawili, Boma au Mako, Boma au Mako, nani akutane na Malosi... na Malosi mwenyewe ni nani, mtu asiye na damu wala mfupa, namba tupu ndani ya simu ya mdogo wangu, akilala anaamshwa kwa kidole, anafundishwa mateke kwa kidole, anapangiwa chakula kwa kidole, na siku ya pambano mwenye mpiganaji hana la kufanya ila kukaa kutazama anapigana peke yake, mtu akinisikia atasema huyu dada wa mapokezi ya daktari wa meno kapata wazimu, ni mchezo tu, ndiyo, ni mchezo, lakini nendeni mkalale kwenye gereji lenye giza mwezi mzima ndipo mniambie ni mchezo tu.

Kazi yangu katika ligi ya mchezo huu ni moja, kuamua nani na nani, na niliikubali kwa mbwembwe, nikajiona hakimu, kumbe nimejitia kitanzi, mashine inapima uzito, inapima umri, inapima umepigana mara ngapi na umempiga nani, maana kushinda kumi mbele ya vibonde si sawa na kushinda watatu wenye meno, halafu inakuletea majina yanayokaribiana, na kuyachagua wanamwachia mtu, kwa sababu mashine haijui kila kitu, mashine haijui, kwa mfano, kwamba mwenye Boma, yule bwana wa Perth, hajaingia mtandaoni tangu mwaka jana, alioa, au alichoka, au alikufa, Mungu anajua, na Boma kabaki na rekodi yake nzuri, ushindi mwingi, jina kubwa, lakini hafundishwi, halishwi, mikono imelegea, pumzi haimfikishi raundi ya pili, kwenye karatasi ni simba, ndani ni ngozi ya simba imetundikwa, na mashine inasoma karatasi, inasema hawa wanalingana, nusu kwa nusu, haki tupu... na Malosi atamwangusha dakika ya kwanza, na wote watapiga makofi, ushindi wa kumi, na ni mimi tu nitakayejua, funika kombe mwanaharamu apite, na sijaongopa hata neno moja, wala sijabonyeza kitu, nimefumba macho tu nikamwomba Mungu, "...uwakumbuke na wagonjwa, Bwana, walioko Logan na walioko Auckland, dada yetu Sieni na sukari yake..." Amina, amina, wa Auckland tena, kumbe ndiyo kwanza tunavuka bahari.

Mako ni habari nyingine. Mako ni wa Mama Tepaeru wa Rarotonga, bibi mwenye wajukuu hata hajui idadi yao, mchana anashona mashuka ya maua, jioni anafuga wauaji, na Mako ndiye mtu wa Malosi hasa, uzito ule ule, miaka ile ile, kila Malosi alichonacho Mako anacho, Malosi akiwa na teke Mako ana mieleka, pambano la kwenda mpaka mwisho, ukiniuliza atashinda nani nitakwambia sijui, na hiyo ndiyo haki, haki ni pale mpangaji mwenyewe hajui, na bibi amenitumia ujumbe tangu asubuhi nikiwa kwaya, "Mpangaji, mbona kimya? Au mdogo wako umemfungia kabatini kama glasi za wageni?" na hapo hapo kaongeza, "Mwambie mtoto Mako hang'ati sana, anatafuna tu," na picha ya meno, bibi wa watu, nilicheka, nikaacha kucheka, maana hajui, Mama Tepaeru hajui kuwa huyo mtoto kakaa mbele yangu hapa upande wa pili wa meza, kafumba macho kweli kweli, mikono miwili mikubwa ya mchezaji wa ragbi imelala juu ya kitambaa cha meza haina kazi... watu wa ligi hawakumwona ile siku klabu yake ya ragbi walipompigia simu, dakika mbili, asante kwa kila kitu, kila la heri na goti lako, hawakuona alivyokwenda gerejini akateremsha mlango ule wa bati mpaka chini, Mama akawa anaacha sahani mlangoni na kuichukua sahani ile ile, hawakunisikia nikigonga, Etuale, fungua, Etuale, ni mimi, na jinsi nilivyopiga magoti kusikiliza chini ya mlango kama anapumua, mimi nimewahi kusikiliza kama ndugu yangu anapumua, ndiyo, na siku aliponifungulia nikamwonyesha simu tu, nikamwambia hebu tengeneza mpiganaji, mpe jina, akasema Malosi, mwenye nguvu, kwa sauti kavu ya mtu aliyesahau kusema, basi kwa nini nimtupe kwa Mako, kwa nini mimi, kwa mkono wangu huu, akipigwa je, mlango ule ukishuka tena je, haki gani hiyo inayomzika mtu, wacha mashine ichague, Masina, fumba macho, kuwa dada kwanza.

"...na mwanao Etuale, Bwana, wewe unamjua, umshike mkono katika udhaifu wake..." hapo sauti ya Baba inashuka, inakuwa laini kama anaongea na kitoto kichanga, na Mama anavuta kamasi, na Mjomba Pita anasema mmh, na Shangazi Luta anasema mmh, meza nzima inamlilia mtu aliye hai, na mimi nimemtazama, sikufumba, nimeona taya lake limekaza, nimeona vidole vinajikunja juu ya kitambaa, udhaifu wake, amekaa pale karibu na Mjomba Pita, kiti cha juu, kiti cha wazee, kijana wa miaka ishirini na tatu asiye na cheo kakaa mezani na wazee kwenye mlo wa kwanza huku binamu yetu Viliamu na vijana wenzake wamesimama ukutani na masinia wakingoja kuhudumia, Viliamu ana mke na watoto wawili na bado anasimama, maana kwetu kijana anapika, anabeba, anangoja wazee washibe, ndipo na yeye anakula kilichobaki huko nyuma na wenzake kwa vicheko na matusi, na kila mtoto wetu anaambiwa kabla hajaota meno kwamba njia ya kwenda kwenye mamlaka ni utumishi, sasa ni nani aliyemtoa Etuale kwenye njia, sisi, Jumapili ile ya kwanza baada ya upasuaji Baba alimvutia kiti akamwambia kaa hapa, mwanangu, pumzisha goti, tukaona upendo ulioje, na hakuna aliyewahi kumwambia inuka, goti limepona, jana tu nimemwona kachuchumaa chini ya gari la jirani kutwa nzima anabadilisha breki, goti linaloweza hilo haliwezi sinia la taro?, wanamletea sahani imejaa, wanamkatia nyama, nyama!, anasema ahsante, anakula akitazama chini, na ukutani wenzake wanamtazama kwa huruma, hakuna anayemtania, Viliamu huyo anayemtania hata mchungaji, Etuale hamtanii.

Na zile karata... kwa nini nakumbuka karata sasa, Krismasi, barazani, Viliamu alimwachia ashinde, alikuwa na karata nzuri mkononi akaificha, akasema duh, umenifunga, kaka, wewe hatari, na sote tukashangilia, na Etuale akazipanga karata vizuri, taratibu, akaziweka mezani, akasema nimechoka, akaenda gerejini, siku mbili, mlango chini, na sisi tukasema goti limemuuma kwa sababu ya baridi, baridi ya wapi, Desemba, Queensland, watu tunaoga mara tatu!, alikuwa ameshinda, mlango ulishuka siku aliyoshinda... na siku Malosi alipopigwa je, ehe, alipigwa, mara moja, mwanzoni, kabla ya hizi tisa, mbona nimeisahau, alipigwa na Mtonga mmoja akalambishwa sakafu raundi ya tatu, mimi moyo ulinipasuka, nikakimbilia gerejini bila viatu, nikakuta mlango uko juu, taa inawaka, Etuale kakaa juu ya ndoo ya rangi anatafuna mkate mkavu na nyama ya kopo anachota kwa kidole, akaniambia, "Dada, njoo uone huu upuuzi, jamaa anashusha mkono wa kushoto kila akitaka kupiga teke, kila mara, na mimi mjinga sikuona," na akaongea, akaongea mpaka mkate ukaisha, sikuwahi kumsikia akiongea hivyo tangu simu ya klabu, macho yake yalikuwa yanawaka, alikuwa na hasira, alikuwa hai, na mimi nilikwenda kulala nimefurahi kwa sababu mlango uko juu, na nikasahau sababu, hofu ilinisahaulisha, nimekuwa nikiogopa kitu kisichokuwa chenyewe... asiyekubali kushindwa si mshindani, wanasema, sawa, lakini huyu wa kwangu alikubali, sisi ndio hatukukubali, sisi ndio tumemletea vibonde mwaka mzima, sahani kibonde, kiti kibonde, karata kibonde, sala kibonde, na mimi sasa hivi na Boma wangu chini ya meza, na Etuale atamjua Boma, anasoma rekodi kama Baba anavyosoma Zaburi, ataingia, ataona mwenye Boma hajaonekana tangu mwaka jana, ataona dada yake mpangaji aliiacha saa ipite, na atanishukuru, kwa sababu kwetu kaka hamjibu dada yake vibaya, atasema ahsante, dada, halafu ataziweka karata mezani, taratibu.

Mako. Nimebonyeza, kidole kimeteleza kwa jasho, nimebonyeza tena, "Thibitisha?" inauliza, inaniuliza mimi, ndiyo, thibitisha, imekubali, nimefanya nini, huenda akapigwa, huenda kweli akapigwa, sijui, sijui kabisa, na simu yake imetikisika mfukoni, nimeisikia ikigonga mguu wa kiti, Etuale kafumbua jicho moja, kaiteremshia chini ya kitambaa kama mtoto mtundu, anasoma, hasogei, Mungu wangu, hasogei... kisha midomo inacheza, anahesabu kitu, mieleka labda, anahesabu mieleka ya Mako, na bega lake moja limesogea mbele kidogo sana, kama linakwepa, na ameniinulia macho, hakutabasamu, macho yana hofu, nami yangu yana hofu, tumetazamana watu wawili wenye hofu katikati ya watu waliofumba macho, na ni mwaka mzima hatujatazamana hivi, sawa kwa sawa, "...na mabaharia, Bwana, na wachumaji wa matunda walioko Bundaberg, vijana wetu..." wachumaji wa matunda, haya, na wao, lakini mimi sasa sina haraka tena ya chakula, mimi nina sentensi mdomoni, dada ana haki yake, dada akiomba hakatazwi na kaka wala na baba, kwa hiyo Amina ikidondoka tu, kabla Viliamu hajanyanyua beseni, nitasema, nitasema kwa sauti isikike mpaka kwa jirani, Etuale, inuka uniletee maji ya kunawa, na Mama atashtuka, na Shangazi atasema goti lake, na Baba atanitazama lile tazamo lake la kanisani, na sahani yake itakaa pale kwenye kiti cha juu bila mtu, na labda ataona nimemdhalilisha mbele ya wageni, labda beseni litamponyoka, labda... hapana, atainuka, nimeona bega, atainuka, sema Amina, Baba, tafadhali, waache wa Bundaberg, sema Amina kabla sijaogopa tena.