Jozi Niliyomfichia Orville

Siku hizi vijana wanasukuma sarafu zote mezani kwa mpigo mmoja, kisha wanajiita wacheza karata. Sisi wa Jumanne, pale kasino ya Silver Mule mjini Las Vegas, mwaka 1988, dau letu lilikuwa na kiwango. Huwezi kumtisha mtu kwa rundo. Ukipewa jozi kubwa, yaani karata zako mbili zimefanana na ni za juu, kazi yako ni kupandisha, na ukipandishiwa unapandisha tena, ili mwenye takataka aone ghali kuingia. Nayakumbuka mashindano yale ya mchana mpaka harufu ya kahawa yake iliyoungua, na sioni haya kusema nayalilia.

Aliyenifundisha ni Orville Teague, mchimba shaba mstaafu wa kule Ely. Mimi nilikuwa mhudumu wa mkahawa, nafika na aproni yangu kiunoni. Mara ya kwanza nilipopata ree mbili, jozi kubwa kuliko zote, nikazificha, nikafuata dau tu kama mnyonge, nikashindwa. Akaniita pembeni.

"We Verna, unaacha mlango wazi halafu unashangaa mbuzi kuingia?"

"Nilitaka kuwatega, mzee."

"Umejitega mwenyewe. Jozi kubwa inataka watu wachache. Pandisha, binti, wakuchukie!"

Mshindi wa Jumanne aliandikwa jina kwenye ubao wa mlangoni. Langu lilikuwapo mara mbili. La Orville, kwa miaka kumi na moja, halikuwapo hata mara moja. Sasa macho yake yalikuwa yanakwisha, na Ijumaa mwanawe angekuja kumchukua, akaishi naye Oregon. Hiyo ilikuwa Jumanne yake ya mwisho, na ukumbi mzima ulijua anachokitaka.

Tukabaki watatu: yeye, mimi, na Lupe Arredondo muuza viatu, mwanamke asiyekubali kupitwa na kitu cha bei rahisi. Orville akapandisha. Nikainua pembe za karata zangu: ree ya kopa, ree ya shupaza.

Desturi yetu ilikuwa moja: mezani humhurumii mtu, hata awe mumeo. Niliijua kama jina langu. Lakini nilimwona anavyosogeza karata mpaka puani ili azisome, moyo ukaniyeyuka. Nikafuata tu. Nilijiambia nimempunguzia kipigo.

"Ah, rahisi hivi?" Lupe akacheka. "Basi na mimi nimo, wapenzi!"

Mezani zikafunguliwa karata tatu za kutumiwa na wote: nane, tano na mbili. Mimi na Lupe tukapita bila kuweka dau. Orville akaweka dau, mimi nikafuata, Lupe akapandisha, Orville akapandisha juu yake, wakaendelea hivyo mpaka sarafu za mzee zikaisha zote. Nilifuata nikiwa nimeganda. Karata mbili za mwisho hazikumsaidia mtu. Na kwa kuwa mmoja wetu alikuwa ameweka kila alichonacho, ilikuwa lazima wote tufunue.

Orville alikuwa na wafalme wawili. Lupe alikuwa na nane na tano, karata za kutupa, lakini pamoja na zile za mezani zilimpa jozi mbili, na zilitushinda sote wenye jozi moja. Nami nikafunua zangu.

Lupe akaacha kucheka. Orville akainama juu ya zile ree mpaka akazitambua.

"Ulifuata tu," akasema.

"Mzee, nilitaka..."

"Najua ulichotaka." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. "Miaka yote hii, mtu akipandisha nawe ukapandisha juu yake, una ree. Ungepandisha, Lupe angetupa. Na mimi ningetupa wafalme wangu, nikabaki mchezoni na sarafu zangu."

Hakuna mtu anayetupa wafalme. Yeye angewatupa, kwa sababu alinijua.

"Nisamehe, Orville."

"Nimeshakusamehe." Akapapasa kiti kutafuta kofia yake, nikampa mkononi. "Ila kuanzia Ijumaa kila mtu atanihurumia, binti. Nilidhani kwenye meza hii nitasalimika."