Uvimbe Wenye Karatasi

"Latifa," daktari alisema. "Latifa, unanisikia?"

Mauwa alikuwa amelala kifudifudi, shavu juu ya karatasi ngumu iliyotandikwa kitandani, na jina lile lilimpita kama la jirani. Kisha akashtuka. Latifa ni yeye. Tangu alipoingia mlango wa kliniki mpaka atakapotoka, Latifa ni yeye.

"Nakusikia, docteur."

"Nimeuliza kama sindano inauma."

"Haiumi." Ilikuwa inauma mpaka kwenye meno.

Alikuja kwa ajili ya chunjua za shingoni. Mwenyewe hazikumsumbua, alikuwa nazo toka utotoni kwao Buyenzi, mama yake alikuwa nazo, bibi yake pia. Ila kule Ganshoren, kwa kikongwe anayemwogesha na kumlisha, binti wa kikongwe alisema mlangoni, funguo za gari mkononi: "Mauwa, hivyo vitu vya shingoni vinamtia mama kinyaa. Jumatatu usije navyo." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekukumbusha kufunga dirisha.

Bon. Mtu asiye na karatasi za nchi atamwona daktari vipi? Pale mtaani Saint-Gilles, Brussels, watu wa kwao wana njia yao: wanaazimana kadi za matibabu kama wanavyoazimana masufuria ya harusi. Latifa, binti wa baba yake mdogo, alimpa yake, akamkaririsha na tarehe ya kuzaliwa kama mtoto wa madrasa.

"Na picha?" Mauwa aliuliza.

"Dada, hawa watu hawatutofautishi. Vaa tu mtandio wangu."

Ikawa kweli. Daktari aliangalia kadi, akamwangalia yeye, akasema, "Umekonda." Basi.

Alizikata chunjua moja moja, harufu ya ngozi iliyoungua ikajaa chumbani. Alikuwa tayari anavua glavu alipouona mguu.

"Hiki ni nini kwenye unyayo?"

"Sugu, docteur. Ya kusimama."

Kila alfajiri akitawadha, vidole vyake vilikigusa kile kidude cheusi, na kila alfajiri alijiambia ni kazi tu. Daktari aliinama. Akawasha taa nyingine, akavaa glavu mpya. Mauwa aliwajua watu wanaonyamaza namna ile.

"Nakiondoa sasa hivi. Kitaenda maabara."

Alikiona kikielea ndani ya kichupa, kidogo kama punje ya maharage. Nesi akabandika jina juu yake. Latifa.

Jumatatu akaenda Ganshoren akichechemea. Binti wa kikongwe alimkagua shingo, akatabasamu. "Voilà. Sasa ni safi." Mguu hakuuliza.

Simu ilikuja kwa Latifa, si kwake. Walikuwa jikoni wanamenya ndizi, na Mauwa, ambaye hakai mahali bila kutega kitendawili, alikuwa ametega.

"Mgeni sikumwalika, sahani sikumwekea, kila nikimtazama amenenepa."

"Mume wangu," Latifa alisema.

"Huyo ulimwalika mwenyewe. Umeshindwa, nipe mji."

"Haya, chukua Brussels."

"Huo niliuomba wakaninyima. Nipe mwingine."

Walikuwa bado wanacheka simu ilipolia. Latifa alisikiliza, akasema oui, oui, merci, huku kisu kikimponyoka polepole mpaka kikalala juu ya maganda.

"Ni saratani, dada," alisema. "Wanasema niende haraka hospitali kubwa, nikatwe zaidi, nipigwe picha mwili mzima." Akajigusa kifua. "Mimi. Wanasema mimi."

Mauwa alifuta mikono kwenye kanga, kidole kwa kidole. "Donc nitaenda tena na kadi."

"Hospitali ileile nilikopasuliwa kumzaa Noé? Damu yangu wanayo, kovu langu wanalijua. Wakikuvua nguo tu wataona si mimi."

"Basi tuseme ukweli."

"Tuseme, halafu? Watanifutia kadi, wanifungulie na kesi. Na wewe watakuuliza unalala kwa nani."

"Wanasema kuna msaada wa wasio na karatasi."

"Upo. Lakini wanatuma mtu kuja kuona unapolala, na mwenye nyumba hajui kama upo kule darini. Na huyo mtu utamwonyesha nini? Kidude wamekikata. Kiko kwao, kina jina langu."

Mauwa akacheka, kicheko kikavu kisichofika machoni. "Kumbe uvimbe wangu una karatasi. Mimi ndiye sina."

Safari hii Latifa hakucheka. "Usinifanyie mizaha, dada. Kazini wakisikia nina saratani, mkataba watanipa tena? Mimi mzima naitwa mgonjwa."

"Na mimi mgonjwa naitwa nani?"

Ndizi zikaanza kuwa nyeusi kwenye beseni. Hakuna aliyeziinjika.

Siku ya miadi walikwenda wote wawili, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwachia mwenzake aende peke yake. Mmoja alitaka kufuta miadi, mwingine alitaka kutibiwa, na njia nzima kwenye tramu hawakupatana. Wakakaa bega kwa bega kwenye viti vya plastiki, mitandio miwili, kadi moja. Latifa aliishika pembe moja, Mauwa pembe nyingine, kama watoto wanaogombea peremende kwa siri mbele ya wageni.

"Latifa, nionee huruma," Mauwa alinong'ona.

"Nakuonea. Ndiyo maana natetemeka."

Mlango ukafunguliwa. Nesi kijana akasoma jina kwenye kishikwambi chake. "Madame Latifa?"

Hakuna aliyesimama.

Akaita tena, kwa upole zaidi. Akatazama chumba chote, na chumbani weusi walikuwa wao wawili tu, kwa hiyo akaja mpaka mbele yao akitabasamu, akimtazama huyu, akimtazama yule.

"Latifa ni yupi kati yenu?"

Akangoja, kama mtu aliyetega na sasa anasubiri apewe mji. Vidole vya Latifa vilikaza kwenye kadi. Vya Mauwa pia. Chini, ndani ya kiatu kipana cha soko la Gare du Midi, kidonda kilikuwa kimefunguka, na damu ilikuwa imeshavuka bendeji na soksi. Mauwa aliuvuta mguu taratibu chini ya kiti. Ukaacha mstari mwekundu kwenye sakafu nyeupe, na nesi, ambaye bado alikuwa akiwatazama nyuso, aliukanyaga.