Njoo Uonje

Daktari alimpima baba kuanzia utosini hadi kwenye kucha za miguu, akasema hana ugonjwa wowote. Presha nzuri, sukari nzuri, kifua safi. "Mzee anahitaji kula tu," akaniambia, utadhani nilikuwa nimempeleka pale kumshtaki kwamba anamaliza chakula cha watu.

Tangu tumzike mama, baba alikuwa hali. Siyo kwamba alisusa. Angesusa ningejua la kufanya, maana kugombana naweza. Yeye ukimwekea sahani anakushukuru, anakichokorachokora chakula kwa kijiko, kisha anasema ameshiba. Ameshiba nini, hewa? Suruali zake zote nilikuwa nimezipunguza kiuno. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na sijawahi kushika kazi iliyonitoa machozi kama zile suruali.

Jumanne jioni kaka alipiga simu. Yeye anaishi mji mwingine, anafanya kazi benki, na huongea na kila mtu kama vile mtu huyo amekuja kwake kuomba mkopo.

"Sindano, nisikilize vizuri," akasema. Sindano ni mimi. Baba alinipa jina hilo nikiwa mtoto, kabla hata sijashika uzi, kwa sababu ya ulimi wangu. "Jumamosi nakuja na gari. Nikimkuta mzee bado hali, naondoka naye. Chumba kipo, na wifi yako anashinda nyumbani."

"Na redio zake?"

"Redio za nini tena, mdogo wangu? Nani siku hizi anatengeneza redio?"

Kaka si mtu mbaya. Alichosema kilikuwa na maana. Mimi natoka asubuhi kwenda kwenye cherehani, baba anabaki peke yake kwenye chumba chake cha nyuma, amezungukwa na redio zilizopasuliwa matumbo, na chakula nilichomwachia nakikuta jioni kimeganda vile vile. Lakini sikutaka aende. Na niseme wazi, sikuwa namwonea huruma yeye tu. Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi nyumba hii nikiwa na begi moja na hasira nyingi, na wazee wangu wakanifungulia mlango bila kuniuliza swali. Mama ameshaondoka. Baba naye akiondoka, nani ataniita Sindano nikiingia mlangoni?

Usiku ule nilipomwambia baba habari za kaka, hakubisha. Alikunja kitambaa chake cha kufutia mikono, akakikunjua, akakikunja tena.

"Sawa," akasema. Halafu, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Ile supu ya mama yako..."

"Ipi, baba? Ile ya nyama ya kusaga?"

Akaitikia kwa kichwa, akanyanyuka, akarudi kwenye chumba chake. Lakini mimi nilikuwa nimesikia. Lilikuwa jina la chakula la kwanza kutoka mdomoni mwake tangu msiba. Nikasema moyoni, kumbe dawa ninayo.

Supu ile mama alikuwa anaipika siku za mapumziko, sufuria kubwa, nzito, ya kula na mkate mpaka jasho likutoke puani. Nyama ya kusaga, viazi, karoti, kabichi, njegere, nyanya za kutosha. Nilikuwa nimeila maisha yangu yote. Kuila na kuipika, hata hivyo, ni vitu viwili tofauti, nami jikoni nilikuwa mtu wa kumenya viazi tu. Mama alinikalisha pembeni, akanipa kisu na beseni, akashika usukani mwenyewe.

Jumatano nikanunua nyama iliyosagwa tayari, nikakaanga, nikamwaga maji, nikatupia mboga zote kwa pamoja. Ikatoka na mafuta juu, unaweza kujitazama usoni. Kabichi ilikuwa imelainika mpaka imepotea, viazi vigumu. Nikamimina kwenye bakuli zuri la wageni, nikaweka kwenye sinia na kitambaa safi, nikampelekea chumbani kwake kwa heshima zote. Baba alikunywa vijiko viwili.

"Nzuri, mwanangu," akasema. Alikuwa anadanganya kwa adabu, na mimi nikarudi jikoni nikaimwaga kwa hasira.

Kesho yake nikaenda kwa muuza nyama, mzee mnene mwenye masihara, ambaye mama alikuwa mteja wake tangu tukiwa wadogo.

"Supu ya mama yako unaitaka, na nyama umechukua hii ya mafungu?" akaniuliza. "Marehemu alikuwa hagusi iliyosagwa tayari. Anachagua kipande cha paja mwenyewe, anakishika, anakinusa, ananisimamia hapa nimsagie mbele yake. Na mara moja tu! Nikithubutu kuirudisha kwenye mashine mara ya pili, ananiambia nimempa uji."

Akacheka, halafu akafuta meza ambayo ilikuwa safi. Sote wawili tulitazama pale mama alipokuwa akisimama. Nikachukua nyama yangu nikaondoka kabla hatujaaibishana.

Supu ya Alhamisi ilikuwa bora zaidi. Nilikaanga kitunguu taratibu mpaka kikawa cha dhahabu, nikaivuruga nyama kwa mwiko ili isigande mabonge, viazi na karoti vikatangulia, kabichi na njegere zikafuata mwishoni. Harufu ilipopanda nilisimama nimeshika mfuniko, nikahisi nikigeuka nitamwona mama amejifunga aproni yake ya maua, anaimba wimbo nusu nusu kwa sababu hakuna wimbo hata mmoja aliokuwa anaujua wote. Nikakaa kwenye kigoda changu cha kumenyea viazi, nikalia kidogo, nikanawa uso, nikampelekea baba bakuli lake kwenye sinia.

Vijiko vitatu.

"Imepungukiwa nini, baba? Niambie tu, sikasiriki," nikasema, nikiwa tayari nimekasirika.

"Haijapungukiwa kitu," akasema. "Mimi ndiye." Akageukia redio yake. Redio yenyewe ilikuwa imezimwa. Zamani chumba kile kilikuwa kinaongea kutwa, stesheni hii mpaka ile, na mama akilalamika kwamba anaishi na mume mmoja na watangazaji ishirini. Tangu afe hakuna hata moja iliyowashwa.

Ijumaa nilikuwa na sare za kukabidhi, sikupika. Jumamosi nikaamka na roho juu. Nilisimamia nyama ikisagwa, mara moja, nikachagua karoti moja moja, nikakata viazi vipande vidogo vya kulingana kama vifungo. Nilitumia kila kitu cha mama: sufuria yake, mwiko wake, kopo lake la chumvi. Ilibaki tu kile kijiko chembamba chenye mpini mrefu kilichoning'inia kwenye msumari wake karibu na jiko. Nilikuwa nakifuta vumbi na kukirudisha. Sikujua hasa cha nini. Vijiko vya kulia vilikuwa tele kwenye droo.

Supu ilikuwa inatokota vizuri honi ilipolia nje. Nilishtuka. Nilikuwa nimeshika upawa, sijaonja chumvi bado, na kwa haraka yangu nikaupeleka mdomoni moja kwa moja kutoka kwenye moto.

Yaliyonitoka hapo hayaandikiki. Kaka aliingia akanikuta nimeinama kwenye bomba, ulimi nje, nauoshea maji.

"Karibu," nikasema, ila ilitoka kama mtoto anayejifunza kuongea.

"Mzee yuko wapi? Amekula?"

"Anakula sasa hivi. Ngoja."

Nikapoza kidogo, nikaonja tena. Wapi! Ulimi ulikuwa umekufa ganzi. Ningeweza kuonja sabuni nikasema ni asali. Nikaonja mara ya tatu nikaanza kuchanganyikiwa. Kaka amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi, macho kwenye saa, sufuria inachemka, na sijui kama supu ina chumvi ya kumwua mtu au haina kabisa. Mimi hasira yangu haina breki. Nikageukia korido, nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote:

"Fundi! Njoo uonje!"

Sikupanga kumwita Fundi. Mimi humwita baba. Lilitoka hivyo hivyo, kwa sababu hivyo ndivyo mama alivyokuwa akimwita jikoni mle, kila siku ya supu, tangu nikiwa mtoto nakaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimelisikia mara nyingi mno hata nikaacha kulisikia. Mimi siku zote tatu nilihangaika na nyama na karoti, nikawa nampelekea mzee sinia chumbani kama mgonjwa.

Kaka akanitazama. Kisha tukasikia kiti kikisogezwa kule nyuma, na kandambili zikiburuzwa koridoni, taratibu, zinasimama, zinakuja tena.

Baba akatokea mlangoni. Hakuwa ameingia jikoni tangu msiba. Alimpita kaka kama vile amepita nguzo, akasimama mbele ya jiko, mkono wake ukanyanyuka wenyewe hadi kwenye ule msumari, ukashusha kijiko chenye mpini mrefu. Akachota, akapuliza, akaonja. Akafumba macho.

"Bado," akasema.

"Bado nini?"

"Chumvi."

Nikatia. Akachota tena, safari hii na kiazi na nyama, akatafuna bila haraka.

"Bado kidogo."

Nikatia tena, lakini mkono ulianza kusita. Nikamtupia kaka jicho. Akachovya upawa nyuma ya mgongo wa baba, akaonja, akanitolea macho huku akitikisa kichwa: imetosha kabisa, usithubutu.

Baba alikuwa anasubiri, kijiko mkononi. Na hapo nikamkumbuka mama. Siyo uso wake, vidole vyake. Niliviona kutokea pale chini kwenye kigoda, macho yangu yakiwa usawa wa meza: vidole vinaingia kwenye kopo la chumvi, vinatoka vimebanana, vinasuguana juu ya sufuria, na hakuna kinachodondoka. Nilikuwa nimemwuliza siku moja, "Mama, mbona hujatia kitu?" Akanifinya paja, akaniambia nimenye viazi.

Nikaingiza vidole kwenye kopo la chumvi. Nikavitoa vitupu. Nikavisugua juu ya sufuria kwa makini, nikakoroga.

"Sasa?"

Baba akaonja. "Inakaribia."

Nikamvutia kigoda changu. Akakaa. Nikamwekea supu kwenye bakuli la kawaida, lile lenye ufa, nikamwambia aonje vizuri akiwa amekaa, asije akanipotosha. Akaonja. Akaonja mpaka chini, akakwangua pembeni. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye paji la uso, na pua ikaanza kuvuta. Kaka aliegemea kabati. Nilisikia funguo za gari zikitumbukia mfukoni mwake.

"Naomba na mimi," akasema mwishowe, kwa sauti ambayo haikuwa ya benki.

Nilipoinama kuchukua bakuli la baba, alilishikilia.

"Mama yako naye alikuwa anatia vidole vitupu," akasema.

Nikabaki nimeinama. "Kumbe ulikuwa unaona?"

"Mimi ni fundi, Sindano. Naona waya mwembamba kama unywele. Nisione chumvi?"

"Sasa mbona hukumwambia? Miaka yote hiyo?"

Baba akakitazama kijiko chenye mpini mrefu, akakifuta kwa ncha ya shati lake.

"Ningemwambia," akasema, "angeniita tena?"

Nilijaza bakuli, nikaingiza vidole kwenye kopo, nikavisugua vitupu juu yake mbele ya macho yake, naye akavitazama mpaka mwisho.

"Onja," nikamwambia.

Akaonja. "Bado," akasema, akasogeza kigoda karibu na jiko.