Ndoo na Kufuli

Siasa imenichosha mimi, lakini haya ni ya siasa, sasa nifanyeje?

Miaka kumi na mmoja tumeuza bega kwa bega hapa Majengo, mimi na Mama Whitney. Mimi nyanya, yeye omena, wale dagaa wa ziwani. Mimi Mkamba, yeye Mjaluo, na bado watu walituita mapacha. Kisha wagombea wa wadi wakaja na sera zao. Chama cha Ndoo kilisema wachuuzi wabaki barabarani, wapewe leseni. Cha Kufuli kikasema tuondolewe, tujengewe soko la ghorofa lenye paa.

Mimi nikawa Ndoo damu. Wateja wangu ni wapita njia, nani atapanda ngazi kufuata nyanya? Mama Whitney akawa Kufuli, maana kila Aprili mvua humharibia omena.

"Paa kwanza, Mama Ndete."

"Paa halinunui nyanya!"

"Basi kaa hapo unyeshewe."

Tulirushiana maneno mpaka akamtaja marehemu mume wangu. Hapo nikamgeuzia mgongo. Miezi mitano, meza zinagusana, hata salamu hakuna. Jamani, inachosha kumnunia mtu unayempenda.

Ndoo ikashinda. Nikavaa aproni yao ya kijani, nikaringa.

Jumanne iliyopita kanjo, askari wa kaunti, wakaja na lori. Nikawaonyesha aproni. "Mheshimiwa alisema tubaki!"

Askari mmoja, naye amechoka kama mimi, akasema, "Mama, mheshimiwa ndiye ametutuma. Toa vitu."

"Na soko liko wapi?"

"Soko gani?"

Mama Whitney alikuwa ameenda choo. Omena yake, gunia zima, iko mezani. Nyanya zangu kreti mbili. Mikono ni hii miwili tu, na lori limeshafika. Nikabeba gunia, nikakimbia nalo hadi uchochoroni. Kugeuka, kreti zangu zinarushwa kwenye lori.

Alinikuta nimekalia gunia lake, nalia kama mtoto.

"Nyanya zako?"

"Wamebeba."

Akaliona gunia lake zima. Halafu akanifungua ile aproni, akaitandaza chini, akamwaga omena juu yake na kuipanga mafungu, nusu upande wake, nusu upande wangu.

"Ile ya Baba Ndete, nisamehe," akasema. "Haya, ita wateja. Mafungu ya huku ni yako."