Mgonjwa Aliyeitwa Mihayo

Ngosha hakuwa mtu wa kusema anaumwa. Wenzake aliopasua nao mawe kule Buswelu wangemcheka mpaka jioni. Basi mkewe, Suzana, alipomwekea kwenye simu programu ya ushauri, ile unayoiandikia shida zako ikakujibu kama mtu, Ngosha akasingizia kwamba mgonjwa ni kaka yake.

"Anaitwa Mihayo," aliandika. "Halali. Akifika ziwani anasikia maji yanamwita."

Mihayo alikufa maji mwaka juzi, na mwili haukupatikana. Ngosha aliona jina la marehemu halitamdhuru mtu.

Tangu hapo mashine ikawa inamjulia hali Mihayo kila siku. Amekula? Ameamkaje? Ngosha alijibu kwa niaba yake, lakini maji hayakunyamaza.

Jumapili mchana, walipotoka kanisani, Suzana alimkuta amekaa juu ya jiwe kubwa ufukweni Ilemela, miguu mitupu.

"We baba, viatu umemvulia nani?"

"Joto."

"Joto la miguu tu? Najua unamsingizia marehemu. Iambie ukweli hiyo simu. Sema mgonjwa ni wewe. Unaogopa kuchekwa? Kwani mashine ina meno?"

Ngosha akatoa simu mfukoni, ilimokuwa tangu alfajiri. Akaandika: "Mgonjwa ni mimi, Ngosha. Mihayo alishakufa."

Jibu lilikawia kuliko siku zote.

"Pole sana, Ngosha. Umefanya vizuri kusema. Usikae peke yako, na ondoka karibu na maji. Lakini kama Mihayo alikufa, nani aliniandikia leo asubuhi?"

Ngosha akarudi nyuma kwenye maongezi yao. Saa ile ya ibada, simu ikiwa mfukoni mwake, palikuwa na maneno ambayo hakuyaandika:

"Mdogo wangu anachelewa. Mwambie avue viatu aje. Maji ya leo ni vuguvugu."

Hakumwonyesha Suzana. Alinyoosha mkono tu.

"Mama, nishike. Usiniachie. Naumwa."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya mtu. Suzana alimshika kwa mikono miwili, akaanza kumvuta kurudi juu barabarani. Ngosha alikuwa amekonda, mifupa mitupu, na alikuwa anatembea mwenyewe. Hata hivyo, Suzana alivuta huku akihema, maana mumewe alikuwa mzito kama watu wawili.