Fremu Haipunguzwi kwa Mkasi

Mume wangu hutafuna huku anaongea, na siku aliyoniletea ile fremu ya baiskeli alikuwa anatafuna karanga. "Inue," aliniambia, chembe zikinirukia mkononi. "Inue kwa kidole kimoja, mke wangu, halafu uniambie."

Nikainua. Kweli ilikuwa nyepesi. Nyuzi za kaboni, rangi ya kijani, shokapu mbele, shokapu nyuma, na vifaa vyote vimeshafungwa, yaani ni kupanda tu na kuondoka. Mama mkwe, anayeishi kwetu chumba cha uani, alitoka na miwani yake, akaizunguka, akamwombea mwanawe maisha marefu. Mimi nilishaona kasoro kabla hata hajamaliza dua. Nikanyamaza, kwa sababu mtu akikuletea kitu kizuri humkunjii uso papo hapo, hata kama kimenunuliwa kwa pesa ya baiskeli yako mwenyewe uliyoiuza.

Mimi ni fundi cherehani. Mtu akivuka barabara mbele ya kibanda changu najua kiuno chake kabla hajafika ng'ambo. Jumapili nakimbiza baiskeli milimani, na mwisho wa mwezi kulikuwa na mashindano ambayo wanawake watakaotangulia wangeingia kwenye timu. Nilikuwa nimeyasubiri tangu sijaolewa. Kocha wetu wa baiskeli aliniambia wazi kwamba kwa kile chuma changu cha zamani, kisicho na shokapu nyuma, mgongo ungeniaga kabla sijaiona timu. Tafuta fremu nyepesi, akasema, yenye shokapu pande zote mbili, lakini kwanza kabisa iwe saizi yako.

Nikauza chuma. Duka la fremu liko mji wa pili, na mume wangu ni dereva wa lori, hupita hapo kila wiki. Mimi nilikuwa nimezama kwenye majoho ya wahitimu, sina hata nafasi ya kujikuna. Akajitolea mwenyewe. Nikampa vipimo vyangu kwenye karatasi kama ninavyompa fundi mwenzangu: urefu, mkono, na mguu wa ndani. Huo wa ndani niliupima nimeegemea ukuta, kitabu kigumu nimekibana juu kabisa kati ya mapaja, maana hapo ndipo baiskeli inapokudai. Nikamwambia saizi ndogo. Nikarudia mpaka akacheka, akasema mimi nikianza jambo ni kasuku.

Sasa nikaipanda. Vidole vya miguu vilikuwa vinaitafuta ardhi. Nikisimama, bomba la juu linanigusa pasipoguswa. Na usukani ulikuwa mbali, nimejinyoosha kama mtu anayetafuta sufuria rafu ya juu.

"Shusha kiti," akasema.

Nikashusha mpaka mwisho. Miguu ikapata nafuu, usukani ukabaki kule kule. Kiti kinashuka, bwana, ila fremu haifupiki.

"Ni kubwa," nikasema.

"Kubwa kidogo." Akatia karanga nyingine mdomoni. "Si wewe mwenyewe huwaambia wateja kwamba kikizidi hupunguzwa, kikipungua hakuna dawa? Nimefuata sheria yako."

Mama mkwe akacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pia. Nilijiambia masikini, ameishi na cherehani mpaka anadhani kila kitu kina mshono wa kufumua. Kosa kama hilo lingeweza kutokea nyumbani kwetu tu. Nikamwonea huruma hata usiku nikamkanda mabega. Nikiyakumbuka yale mabega sasa hivi natamani kunawa mikono.

Kilichonipeleka dukani ni shokapu ya nyuma. Kocha alishanifundisha kwamba ukikaa kitini inatakiwa izame kidogo, kama robo hivi, na kuna kipete cha mpira pale ambacho husogea kukuonyesha. Nikakaa. Kipete hakikusogea. Nikajirusharusha, nikajidondosha kwa uzito wangu wote, wapi. Nikasema mume wangu kauziwa mbuzi kwenye gunia, shokapu ni mbovu. Nikapanda na baiskeli kwenye gari la jirani anayeuza mbao, nikiwa nimejipanga kabisa kumtetea mume wangu mbele ya muuzaji.

Muuzaji alikuwa mama mmoja mnene, mchangamfu, kucha zimejaa grisi. Akafunga kipimo cha upepo kwenye shokapu, akakitazama.

"Nzima hii, dada. Imejazwa upepo wa mtu mzito tu. Sisi hujaza kulingana na kilo za mpandaji."

"Kilo za nani?"

"Za shemeji. Alipanda mwenyewe kwenye mizani pale." Akanielekezea mizani, anatabasamu, hajui anachokifanya. "Nilimletea ndogo kwanza, maana karatasi aliyokuja nayo ilisema ndogo. Akaikataa. Akaomba kubwa, akasimama juu yake, akaniuliza kama inamkaa. Nikamwambia inakukaa, ila si ulisema ni ya mkeo? Akasema, huyu mwakani atakuwa na mtoto mgongoni, mambo ya milima yatakwisha. Sasa ninunue kitu kije kining'inie ukutani?"

Akacheka, akanigusa bega. Alidhani ni utani wa mke na mume, na kwamba mimi naujua.

Nikatoka nje, nikasimama kando ya mtaro. Kumbe tumbo langu limeshapangiwa ratiba na baiskeli imeshapangiwa mrithi, mimi nimebaki kushukuru na kukanda mabega. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo ndiyo kazi yangu, na bado sikukiona.

Niliporudi ndani nikaomba anibadilishie, anipe ndogo ya aina ile ile. Akasema sawa, kama haijapandwa. Akaiinamia na tochi. Pale shokapu ya nyuma inapoungana na fremu, kwenye kona ambayo kitambaa hakifiki, kulikuwa na tope jekundu lililokauka. Kwetu hakuna udongo mwekundu ila kule machimboni, anakokwenda mume wangu na madereva wenzake wakati wa mapumziko. Muuzaji akalichomoa bomba la kiti. Chini kabisa, pale linapobanwa kiti kikipandishwa kwa urefu wa miguu ya mume wangu, lilikuwa na alama za mikwaruzo kulizunguka. Na kwenye ncha ya kiti, mkanda mweupe wa chumvi ya jasho. Jasho lake. Nilikuwa nimelikalia siku zote hizo nikijisifu nina mume.

"Hii si mpya tena, dada," akasema, sauti imeshuka. Nadhani alianza kuelewa. "Siwezi kukupa mpya ya kaboni."

"Una nini cha kubadilishana na hii, kinachonitosha?"

Akaenda nyuma, akarudi na fremu ya aluminiamu, ndogo, imepauka kwa kukaa dirishani, shokapu pande zote mbili. Nikainyanyua, hiyo haikuwa ya kidole kimoja. Nikasimama juu yake, na kati yangu na bomba kukawa na nafasi ya kupumua. Akaihamishia magurudumu, breki na kila kitu, mimi nikipanguza kile kiti kwa sabuni mara mbili. Nikapanda kwenye mizani, safari hii ni mimi. Akajaza upepo. Nikakaa, na kipete kikashuka robo, taratibu, kikatulia hapo.

"Nzito kidogo kuliko ile," akaniambia.

"Nitaisukuma mimi," nikasema.

Nilirudi nayo kwa kupanda, njia ya vilima. Mgongo haukuniuma.

Jioni mume wangu alirudi kutoka kazini. Mama mkwe alikuwa kibarazani anashona kifungo, mimi nimechuchumaa naipaka cheni mafuta. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, makali, ya kumwanika mbele ya mamaye. Sikupata nafasi ya kuyatumia. Aliitazama baiskeli, akachungulia nyuma ya mlango, akachungulia stoo, halafu akanigeukia, uso umemshuka.

"Yangu iko wapi?" akauliza.

Mama mkwe aliiacha sindano katikati ya kifungo. Alivua miwani, akamtazama mwanawe.

"Yako ipi?" akamuuliza.

Mume wangu akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatafuna kitu. Mimi nikaendelea kuipaka cheni mafuta, kwa adabu, maana swali lilikuwa la mamaye. Mama mkwe akavaa miwani yake na kuniuliza mimi mashindano ni lini, ili ajue siku ya kunipikia mapema.