Gauni Lililoachiwa Mshono

Tangu asubuhi fundi hakutulia. Sindano mbili zilimvunjikia kabla chai yake haijapoa, na sketi ya mteja aliishona mfuko kwa nje. Kila baada ya muda aliinuka, akaenda mlangoni pa kibanda chake cha ushonaji, akaitazama barabara, akarudi kukaa. Mguu ulikuwa kwenye cherehani, moyo ulikuwa kwa dada yake.

Mambo yalianzia dirishani. Asubuhi ile alipita kwa dada yake mkubwa kumpelekea maziwa, kama alivyofanya kila siku tangu shemeji yake afariki. Akiwa anatafuta kikombe, akaona pakiti ya dawa za presha nyuma ya pazia. Ilikuwa imejaa vilevile kama alivyoiona mwanzo wa mwezi, na sasa ilikuwa na vumbi.

"Dada, dawa hunywi?"

"Nimezipumzisha," dada alisema, huku akijimiminia kinywaji cha kijani kilichonuka majani mabichi. "Hiki kinasafisha mwili mzima. Presha nayo ni uchafu tu, ukitoka umetoka."

"Na kichwa unachosema kinakugonga?"

"Ndio uchafu wenyewe unatoka. Mama Vichupa alinionya kuwa wiki za kwanza ni hivyo."

Mama Vichupa alikuwa jirani wa nyumba ya tatu. Aliuza kinywaji hicho kwenye chupa ndogo, na video za wateja wake zilizunguka kwenye simu za mtaa mzima.

"Leo saa tisa anakuja kunipiga video nikiwa na gauni la bluu," dada aliendelea. "Nikimaliza hapo, hizo dawa natupa. Siwezi kusema mbele za watu nimepona halafu nyumbani nameza vidonge."

"Nani kakwambia umepona?"

Dada akacheka. "Si wewe? Gauni lilikuwa halipandi kiunoni, sasa linateleza. Na ulinipima kwa mkono wako. Wengine ningewabishia, ila wewe mdogo wangu hujawahi kunidanganya."

Fundi aliweka maziwa mezani, akaondoka bila kuaga vizuri.

Alikuwa na tabia moja ambayo hakuna mteja aliyeijua. Akipima kiuno, mdomo wake ulitaja namba ndogo, penseli ikaandika ya kweli. Kwake walikuja mama aliyejifungua juzi, bibi harusi mwenye wasiwasi, mtu aliyetaniwa kazini. Alitaka watoke kibandani wameinua kichwa. Nguo ilikatwa kwa namba ya daftari, ikakaa vizuri, kila mtu akafurahi. Miaka ishirini hivyo, na hakuna aliyeumia.

Na lile gauni la bluu. Kitambaa chake alikinunua marehemu shemeji. Dada alipolivaa mwezi uliopita likagoma kiunoni, alikaa kitandani akalia kama mtoto. Fundi akalichukua eti kubadilisha zipu. Akaiachia mishono ya ubavuni, ikatoa inchi mbili, akalipiga pasi, akalirudisha kimya. "Jaribu tena," alimwambia, na futi ya kupimia ikiwa mkononi. "Naona umepungua. Arobaini na moja." Hakujua kwamba wiki ileile dada alikuwa amefungua chupa ya kwanza.

Saa nane na nusu akafunga kibanda, daftari kwapani. Njiani alisimama mara mbili. Akisema, dada atajua kwamba hata machozi yake yalishonewa uongo. Huenda asimfungulie mlango tena. Asiposema, zile dawa zitaingia kwenye ndoo ya taka. Akaongeza mwendo mpaka kandambili moja ikamchomoka, akairudia.

Alimkuta dada amesimama katikati ya sebule ndani ya gauni la bluu, uso umemwiva. Mama Vichupa alikuwa anasogeza kiti na kufungua pazia ili mwanga uingie.

"Karibu fundi," Mama Vichupa alisema. "Na wewe utaingia kwenye video. Utasema ulimpima."

"Nitasema," fundi alijibu. Akapiga magoti kwa dada yake, akavuta kitambaa cha gauni ubavuni, penye kiuno. "Dada, weka kidole hapa. Unaona hivi vitundu vya sindano, vilivyopangana?"

"Naviona."

"Ndipo mshono ulipokuwa. Nimeusogeza mimi. Hukupungua. Nililitanua gauni kwa sababu nilikuona unalia."

 Fundi akafungua daftari, akamwonyesha: kiuno siku ya kulichukua gauni, arobaini na tatu; siku ya kulirudisha, arobaini na tatu.

"Mbona ulisema arobaini na moja?"

"Huwa nasema hivyo kwa kila mtu."

Dada alikaa kwenye kiti kilichoandaliwa kwa video. Alitembeza kidole juu ya vile vitundu, kikaenda, kikarudi. "Kwa hiyo mwezi mzima nimezunguka mtaani najisifu kwa ajili ya uzi wako."

"Nisamehe, dada yangu. Nisamehe, lakini dawa unywe."

Mama Vichupa alishusha simu. "Dawa zipi?"

"Za presha. Ameacha."

"Mimi sikumwambia aache." Sauti yake ilipungua. "Mama, hukuniambia una presha."

"Hukuuliza," dada alisema. Akajishika kisogo. "Na hiki kichwa, basi, si uchafu."

 Mama Vichupa alitia simu mfukoni, akaenda kumletea viatu, akainama akamvika mwenyewe.

Zahanati ilikuwa nyuma ya soko, nao walitembea polepole, fundi na Mama Vichupa wamemshika dada mikono huku na huku. Nesi alimfunga mpira wa mashine mkononi, akasikiliza mapigo. Kisha akatabasamu, kama nesi mwema anayetaka kumtuliza mgonjwa.

"Imepanda kidogo tu, mama."

Dada akamtazama fundi, halafu akamgeukia nesi. "Binti yangu, niambie hiyo unayotaka kuandika."

Nesi akaacha kutabasamu. "Mia moja themanini na sita, kwa mia moja na nane."

"Asante. Na dawa zangu?"

"Utaanza tena leo. Daktari anakuja kukuona sasa hivi, na tutapima tena baada ya nusu saa."

Walikaa kwenye benchi. Mama Vichupa alikwenda kutafuta maji ya kunywa. Fundi alikunja futi yake, akaikunjua, akaikunja tena, macho kwenye mlango wa daktari.

"Acha kuizungusha hiyo, unanitia kizunguzungu," dada alisema. Kisha akaongeza, "Gauni usilibane. Liache hivyo hivyo."

"Sawa."

"Na ukinipima tena, sema ile ya daftari, kwa sauti."

Saa ya ukutani ilionyesha kwamba dakika sita tu zilikuwa zimepita.